Magunia Manne ya Mama Mkwe

Baba yangu, Wakhungu, alikuwa mtu wa bambo. Siku hizi ukitaja bambo vijana wanakutolea macho, kwa hiyo nieleze. Ni chuma chenye urefu wa mkono hivi, kina ncha upande mmoja na kimechimbwa katikati kama mfereji. Unakichoma ubavuni mwa gunia, unakizungusha, unakichomoa, nacho kinatoka na punje za ndani kabisa, zile ambazo mwenye gunia angependa usizione. Kwa karibu miaka kumi kazi ya baba ilikuwa hiyo, kuchoma magunia ya watu na kuwaambia ukweli juu ya mahindi yao. Ukitaka kuchukiwa na lokesheni nzima, eneo zima la chifu mmoja, tafuta kazi kama hiyo.

Aliianzia Kitale mwaka 1928, na hakuanza na bambo. Alianza kwa kubeba. Alipakua mahindi ya walowezi kutoka kwenye mikokoteni ya ng'ombe na kuyapanga ghalani, gunia juu ya gunia, mpaka shingo ikawa na sugu. Aliyemtoa kwenye kubeba alikuwa Munene, Mkikuyu ambaye wazazi wake walitoka Nyeri wakawa maskwota, watu wa kuishi na kufanya kazi kwa mlowezi, katika shamba moja upande wa Endebess. Munene alikuwa ameshika bambo kabla yake, na alikuwa mtu wa maneno mengi.

"Macho usiamini, bana," alimwambia. "Macho inapenda nyeupe. Amini meno. Punje kavu ukiuma inalia. Yenye maji inanyamaza."

Basi baba akawa mtu wa kuuma mahindi makavu yasiyopikwa, punje mia mbili kwa siku, mia tatu wakati wa mavuno. Alipofika umri wa miaka thelathini na tano alikuwa anatafuna nyama kwa upande wa kushoto tu. Mama yangu, Sellah, alimpikia viazi vitamu vilivyopondwa kama vya mtoto, na alikasirika kila alipoviponda.

Ukaguzi wote huo ulitokana na watu ambao baba hakuwahi kuwaona. Mahindi yalikwenda kwa treni hadi Mombasa, kisha ng'ambo, na huko ng'ambo kulikuwa na sheria. Yawe meupe, punje bapa. Yasiwe na punje nyekundu wala za zambarau zaidi ya chache walizoruhusu. Yasiwe na fukusi. Gunia liwe jipya, lishonwe mdomo mara mbili. Na zaidi ya yote yawe makavu, kwa sababu safari ya melini ni ya majuma mengi, na mahindi yenye maji yakikaa gizani yanapata joto, yanaota ukungu, na yanaoza pamoja na jirani zao. Meli ikifika huko na shehena yenye ukungu, maofisa wa bandari wanakataa kuishusha. Watu wetu walikuwa wakimwuliza baba, hao wazungu wa huko wana tumbo la aina gani, la yai? Yeye mwenyewe hakuelewa mtu anawezaje kukataa chakula.

Mwaka 1934 Bungoma ilipewa chapa yake. Nataka uelewe jambo hilo lilikuwa kubwa kiasi gani. Kabla ya hapo mahindi yetu yalisombwa hadi Kitale, yakachanganywa na ya kila mtu, na mengi yakaishia kuwa posho ya vibarua. Sasa tulipata ghala la mabati karibu na stesheni, na bati lililotobolewa herufi, na mkebe wa wino mweusi. Gunia likipigwa chapa ile lilikwenda moja kwa moja mpaka baharini bila kupita kwa mtu mwingine. Waliopigania chapa hiyo katika baraza walikuwa wamebishana miaka mitatu. Bwana Mkaguzi wa Kitale, mzungu aliyesimamia ukaguzi wote, aliitoa shingo upande. Akasema akipata lalamiko moja tu kutoka ng'ambo ataichukua. Akamleta baba, kwa kuwa ni mwenyeji, akampa bambo na mkebe wa wino, na kuandika jina lake kwenye karatasi: hakuna mtu Bungoma anayeruhusiwa kuchoma gunia ila Wakhungu, au Munene aliyeletwa kumsaidia.

Baba alirudi nyumbani akiwa na furaha kwa muda wa kama juma moja. Baada ya hapo ilikuwa uchovu mtupu. Alimkatalia mjomba wake. Alimkatalia mzee wa kanisa, na Jumapili iliyofuata hakuna aliyekaa naye benchi moja. Aliwakatalia watu waliokuja kwa miguu kutoka Tongaren na punda wawili wamelemewa, akawaambia warudi wakaanike, nao wakamtukania ukoo wote mpaka kwa walioko kaburini. Akirudi jioni aliketi mlangoni bila kuvua viatu. "Ati mimi ndiye naleta hii sheria," alimwambia mama. "Si mimi naambiwa tu?"

Lakini hakuwa mtu wa kukataa na kunyamaza. Kila siku ya soko alisimama juu ya boksi akafundisha: anika juu ya mkeka, usianike chini, geuza mara tatu kwa siku, usimimine kwenye gunia mpaka uume punje nayo ilie. Na watu, pamoja na chuki yao, walikuja kwetu na punje zimefungwa kwenye kitambaa. Baba aliuma moja, akauma nyingine. "Siku tatu zaidi." "Hizi tayari, leta." Hata wale waliomtukana walikuja, maana heri kumeza hasira nyumbani kwetu kuliko kurudishwa na magunia mbele ya watu. Lokesheni nzima ilikuwa na mkaguzi wake wa bure.

Nzima, isipokuwa mtu mmoja. Mtu huyo ni kukhu Nasambu, bibi yetu, mama yake mama.

Kwetu Bukusu mwanamume na mama mkwe wake hawakutani. Si kwa ubaya. Ni heshima, na ilikuwa heshima nzito. Baba akimwona kukhu anakuja njiani aliingia kwenye mahindi ya mtu akasimama huko mpaka apite. Kukhu naye alijifunika shuka kichwani na kugeukia ukuta. Hawakupeana mkono, hawakula nyumba moja, hawakutajana majina. Mchungaji aliwahi kusema kanisani kwamba mambo hayo ni ya zamani. Watu wakaitikia amina, wakatoka nje na kuendelea kupishana kama kawaida. Tangu baba amwoe mama mwaka 1927, kukhu hakuwa amemwambia neno hata moja, wala yeye hakuwa amemwambia kukhu.

Kwa hiyo baba alipopanda boksi sokoni, kukhu aliondoka. Hangeweza kukaa na kumkazia macho mkwe wake akiongea. Alisikia mafundisho kupitia kwa jirani, nusu nusu. Na punje zake hangeweza kuzileta kwetu zikaumwe na meno ya mkwe, hata kwa mkono wa mtu mwingine. Hilo alilifikiria likamtia haya mpaka akaliacha. Mtu aliyejua mahindi kuliko wote Bungoma alikuwa amemwoa binti yake, na kukhu peke yake ndiye ambaye hakuweza kumwuliza. Mimi nikifika hapa huwa nataka kupiga meza.

Msimu wa 1937 kukhu alipata mavuno ambayo hakuwahi kuyapata. Alikuwa mjane, alilima na mikono yake miwili. Alichagua punje moja moja, akaondoa nyekundu zote. Alianika majuma mawili. Yalikuwa makavu, meupe, hayana kasoro, na kama angeyaacha hapo ningekuwa sina hadithi ya kukusimulia. Lakini alipoyatazama aliona vumbi. Alikuwa ameyapukuchua kwenye uwanja uliosiribwa kwa samadi, na vumbi la uwanja lilikuwa limeshika punje. Mwanamke wa kwetu hatwangi nafaka bila kuiosha kwanza. Sasa hii, akawaza, inakwenda kwa wageni, inapita mikononi mwa mkwe wangu, mbele ya watu wote, na ina vumbi? Alibeba mahindi yote mtoni, kikapu kwa kikapu, akayaosha.

Akayaanika tena siku mbili. Yaling'aa. Ukipitisha mkono juu yake unahisi ukavu. Maji yalikuwa ndani ya punje, na huko mkono haufiki.

Ijumaa moja ya Januari iliyofuata behewa lilikuwa linafungwa saa sita. Munene alikuwa amelala na malaria. Baba alikuwa peke yake ghalani, ametoka jasho, foleni inafika barabarani, kila mtu anapiga kelele. Mkokoteni wa ng'ombe ukasimama na magunia manne, mapya, yameshonwa mara mbili kwa uzi ulionyooka kabisa.

"Haya ni ya nani?" baba aliuliza.

"Ni ya mama mkwe wako," akasema mwenye mkokoteni. "Yeye mwenyewe yuko hapo nyuma ya ghala. Amesema atangoja huko."

Baba alisimama na bambo mkononi. Ng'ambo ya bati, hatua nne tu, kulikuwa na mama mkwe wake anasikiliza. Kwa Bwana Mkaguzi gunia ni gunia. Kwa mtu wa kwetu, kulichoma gunia lile lililoshonwa kwa mikono ya mama huyo, naye akisikia chuma kikiingia, ilikuwa ni kama kwenda jikoni kwa mama mkwe ukafunua chungu chake uone kama amepika vizuri. Na kama kingetoka na punje zenye maji? Angemkatalia kwa mdomo upi? Hakuwa na neno hata moja la kumwambia mama huyu, zuri wala baya.

Aliweka kiganja juu ya gunia la kwanza. Akaangalia punje mbili tatu zilizochungulia kwenye mshono. Nyeupe, safi kuliko zote alizoziona msimu ule. Akachovya brashi kwenye wino akayapiga chapa na nambari yote manne, akaandika kwenye kitabu: 61, 62, 63, 64, Nasambu, yamekaguliwa. Hilo neno la mwisho ndilo uongo wa pekee ninaoujua wa baba yangu.

Angeita mtu mwingine, utasema. Nami nilisema hivyo miaka mingi. Angemwita nani? Jina lililokuwa kwenye karatasi lilikuwa lake, na Munene alikuwa anatetemeka chini ya mablanketi mawili.

Barua kutoka ng'ambo ilifika mwezi wa tano, mvua ikiwa imekolea. Magunia manne yalipata joto melini yakaozesha mengine zaidi ya thelathini. Bandari ya huko haikushusha hata moja lenye chapa ya Bungoma, yale mazuri pamoja na mabaya, na nambari zilizoanza kuoza zilikuwa zimeandikwa: sitini na moja hadi sitini na nne. Bwana Mkaguzi alikuja kutoka Kitale na gari lililojaa matope mpaka madirishani. Akaita kila mtu aliyeuza mahindi msimu ule aje ghalani. Akamweka baba mbele, kitabu kikiwa wazi.

"Wewe nachoma hii gunia?"

"Hapana, Bwana. Sikuchoma."

"Kwa nini naandika wewe nachoma?"

Baba akainamia kitabu.

"Huyu Nasambu napa wewe nini? Kuku? Mbuzi?"

Sasa angalia mahali baba alipokuwa amekwama. Chapa ilikuwa imekwisha, hilo kila mtu aliliona. Kilichobaki kilikuwa jina lake, na jela, maana kwa hongo mtu alifungwa. Akisema ukweli, ukweli wenyewe ungemfunga.

"Bwana," alisema mwishowe, "ni mama mkwe wangu."

Bwana Mkaguzi akacheka kwa pua. "Ah! Jamaa yako! Ndiyo sababu napitisha."

"Hapana, Bwana. Ndiyo sababu sikuweza."

Watu wote mle ndani walimwelewa. Aliyekuwa na kalamu hakumwelewa. Munene alijaribu, kwa Kiswahili na kwa kile Kiingereza chake cha ghalani, akaeleza kwamba mama mkwe wa hapa si kama wa kwao Bwana. Bwana alimwambia afunge mdomo, akaamuru Nasambu aletwe.

Kukhu alikuwa nje, mahali pale pale nyuma ya bati, mvua inamnyeshea. Aliingia kinyumenyume, shuka limefunika kichwa mpaka kifuani, akasimama akiwapa mgongo. Mama anasema wanaume kadhaa walitazama chini kwa aibu. Bwana Mkaguzi alimwambia ageuke aseme akiwa anamtazama. Alirudia mara tatu. Mara ya tatu kukhu aligeuka, akateremsha shuka mabegani, na kwa mara ya kwanza baba akauona uso wa mama aliyemzalia mke.

"Sikumpa kitu," alisema kukhu kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Kama ni kosa ni yangu. Mahindi irikuwa kavu. Nikaona iko na vumbi. Nikaosha."

"Wewe naosha mahindi?" Bwana alidhani hakusikia vizuri.

"Nikaosha yote, mtoni. Nirisema watu wa ng'ambo wasikure vumbi ya kwangu. Wasimcheke huyu."

Hakuna aliyecheka. Bwana Mkaguzi alimtazama muda mrefu, akatazama mikono yake, nadhani akaamini, kwa sababu mtu hatungi uongo wa namna hiyo. Alifuta neno hongo kwenye karatasi yake. Baba hakwenda jela. Lakini bati la herufi lilichukuliwa siku hiyo hiyo likatupwa nyuma ya gari, na bambo pia, na mahindi ya Bungoma yakarudi kusombwa kwenda Kitale kuchanganywa na ya watu. Miaka mingi ilipita kabla tupewe ukaguzi wetu tena, na waliopewa hawakuwa wa ukoo wetu.

Baba alipewa kazi Kitale ya kushona midomo ya magunia. Aliishona mpaka mwaka 1953, sindano ndefu na uzi wa katani, katika ghala ambalo wengine walikagua. Nilimtembelea mara moja nikiwa nimeolewa. Aliketi kwenye kigoda katikati ya vumbi la unga, akanisalimu, akaendelea kushona. Nilimwuliza kama amechoka. Alisema kazi ya kushona haina lawama. Kuhusu siku ile hakuwahi kunisimulia. Haya nimeyapata kwa mama na kwa Munene, na mwisho wake nimeupata kwa kukhu mwenyewe, alipokuwa mzee sana na hana tena mtu wa kumwonea haya.

Mwisho wake ni huu. Bwana Mkaguzi alipoondoka, watu walibaki kidogo ghalani kisha wakatoka mmoja mmoja, kila mtu na hasara yake, bila kumwangalia baba. Munene akatoka pia. Baba alikuwa amesimama mbele ya meza tupu. Alijua kukhu bado yumo, akageukia ukuta ili ampishe apite, kama alivyompisha miaka yote. Kukhu hakupita. Alikuwa ameshauvunja mwiko mbele ya mzungu na mbele ya watu wote, akaona haina faida kuurudisha. Akamkaribia mpaka nyuma ya bega lake, akasema naye kwa Kibukusu, polepole, neno la kwanza katika miaka kumi na mmoja.

"Mwanangu, mbona hukuchoma? Jua lilikuwapo siku ile. Ningeyarudisha nyumbani, nikayaanika."